Ukame Niliompaka Bi Harusi

Nimeharibu kazi ya mwanangu. Nilichota udongo wa ziwani aliouhifadhi kwenye friji langu, nikautia kwenye singo ya kumpaka bi harusi mwilini, kisha nikajaza pengo kwa udongo wa uani ili asijue.

Haya, sasa ndo niwasalimu. Asalaam alaykum, na wale wa Bwana asifiwe nanyi pia. Leo Alhamisi, Tanga kuna mawingu tangu alfajiri na rasharasha isiyojijua kama ni mvua au mchezo. Nguo zangu ziko kambani zinaloa, nazitazama tu kwa dirisha.

Ukurasa huu alinifungulia Sauda, mwanangu huyohuyo, nilipomchosha kwa kumpigia simu kwa kila jambo. Alisema, "Andika, Mama, na wengine wakusikie." Basi nimeandika mapishi, nimeandika harusi za watu, na yeye nimemwandika humu mpaka nadhani mmemchoka. Leo nakuja na aibu yangu mwenyewe.

Mimi niliishia darasa la saba. Sauda ndiye aliyevuka, wa kwanza katika ukoo wetu mzima wa Mwera. Sasa anasomea udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Tofauti hiyo niliijua vizuri sana. Lakini hapa mtaani kwetu Chumbageni niliwaacha watu waelewe wanavyotaka. Mtu akija na presha yake namwambia, "Subiri, Dokta wangu yuko njiani." Sauda akija anacheka, anawaambia waende hospitali, nami najifanya naenda kuangalia chai.

Ukweli ni kwamba kazi yake ilinitia haya.

Mtoto niliyemsomesha kwa singo na vitumbua, leo kazi yake ni kusimama juu ya chelezo katikati ya ziwa na kushindilia bomba kwenye matope. Aliwahi kuniletea picha. Matope mpaka kwenye nyusi, meno yote nje kwa furaha. Ile picha sikumwonyesha mtu. Iliyoko ukutani kwangu ni ile ya joho.

Mwezi uliopita alipitia hapa akitokea kwenye ziwa moja dogo huko bara, karibu na milima. Alikuwa na mabomba matatu ya plastiki, mafupi kama mkono wangu, yaliyo angavu mpaka unaona udongo ndani. Gari la chuo lilikuwa limeharibika, na udongo ule haufai kukaa na joto. Akaomba friji. Nikatoa samaki wangu wote nikawapeleka kwa jirani. Mtoto akiomba, mama atakataaje?

Jioni ile alinikalisha sebuleni akanionyesha. Naandika alivyoniambia, maana nilielewa, na ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Alisema ziwa halisahau. Kila mwaka mvua inabeba udongo, majani na vumbi, vyote vinazama na kutulia chini, na mwaka unaofuata vinakuja vingine juu yake. "Ni kama sufuria isiyosuguliwa, Mama. Kila mpiko unaacha ukoko wake juu ya ukoko wa jana."

"Sufuria ya nani hiyo isiyosuguliwa?" nikamuuliza. "Si ya nyumba hii."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Akanionyesha tabaka jeusi, akasema hiyo ni miaka ya mvua nyingi, msitu umeshiba, majani yamejaa majini. Punje nyeusi kama masizi ni moto, watu walichoma kichaka walime. Na kuna chavua, ule unga wa maua, mdogo hauonekani kwa jicho, lakini kwenye hadubini unajua kabisa umetoka mti gani. Kisha akashusha kidole mpaka mwisho wa bomba la pili, penye mkanda mweupe wa kijivujivu, laini kama unga wa muhogo.

Hapo sauti yake ilibadilika. Alisema huo ni ukame. Si wa mwaka mmoja, ni wa miaka mingi mfululizo, zamani kabla hata bibi wa bibi yangu hajazaliwa. Ziwa lilinywea mpaka likabaki na chumvi na chokaa. Anataka kujua ulidumu muda gani, na mvua ilirudi vipi, ghafla au kidogokidogo. Dada yangu kule Mwera kisima chake kimeanza kuwa na chumvi, na kila mtu anauliza kama ndo basi tena au ni jambo la kupita. Sauda anasema mwenye jibu ni yule aliyepitia. Na waliopitia hawakuandika popote. Wamebakiza mkanda ule tu.

Kesho yake akaenda Mwera kumwona mama yake mkubwa, siku tatu. Akaniachia amri moja. "Mama, usiyafungue."

Nikasema, "Mwanangu, unaniona mtoto?"

Siku ya pili yake nilikuwa mtaa wa Mabawa kwa Mama Twaha, anayemwoza binti yake Mwanaisha. Singo ya bi harusi nimepewa mimi, na singo yangu mnaijua, liwa, ule mti unaonukia, nasaga mwenyewe juu ya jiwe, mawaridi, karafuu, marashi, sina haraka. Wanawake tumekaa ukumbini tunachambua asumini. Alikuwepo na Bi Sharifa, ambaye naye ni mtengeneza singo, na kazi ile aliitaka yeye. Nilikuwa nimeshamsifu Sauda kwa muda kidogo. Sawa, kwa muda mrefu.

Bi Sharifa akapuliza kikombe chake cha kahawa, akasema, "Mama Sauda, hebu tueleze. Mpwa wangu anafanya kazi huko chuoni. Anasema mwanao si daktari wa watu, kazi yake ni kuchota matope ziwani. Miaka yote hiyo ya shule, shoga, matope? Si ungemtuma tu hapo kwenye mikoko akarudi mchana?"

Walicheka. Hata Mwanaisha, bi harusi wangu, alijifunika khanga usoni akacheka.

Ningeweza kuwaambia niliyoyasikia sebuleni kwangu siku mbili tu nyuma. Yote nilikuwa nayo kichwani, sufuria na masizi na chavua. Ningesema, ndiyo, anachota matope, na matope hayo yanajua mvua ya kabla yetu sote. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Matope hayo unayoyacheka, Bi Sharifa, wenzetu wanayatafuta kwa ngozi. Ni udongo wa kale, haujaguswa na jua. Na Mwanaisha ataupaka kabla yako."

Wakaacha asumini wakanitazama. Nilisikia raha, wallahi, raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nikarudi nyumbani, nikafungua friji. Nikachagua bomba la pili kwa sababu mkanda ule mweupe ulikuwa mwishoni kabisa, nyuma ya kizibo, na ndio uliokuwa laini kuliko wote. Nilijua ni nini. Sitawadanganya kwamba nilisahau. Nilijua ni ukame wa Sauda, na nikachota vijiko sita vya chai.

Singo ilitoka nzuri. Mwanaisha aling'aa, na mashoga zake watatu nao wakaomba, nikawapaka. Bi Sharifa mwenyewe alichovya kidole akajipaka nyuma ya mkono akifikiri simwoni.

Bomba lilibaki na tundu. Nikaenda uani, chini ya mwarobaini, nikachukua udongo, nikauchekecha kwa chekeche la unga, nikachanganya na majivu kidogo upate weupe, nikaloweka, nikajaza, nikasawazisha kwa mgongo wa kijiko. Mimi ni fundi wa vitu hivi. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Sauda aliporudi toka Mwera aliyakagua mabomba yake, akanibusu kwenye paji la uso, akasema hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemwachia mabomba hayo.

Nikala chakula na yeye nikiwa na busu hilo usoni.

Wiki zikapita. Nilijiambia, udongo ni udongo. Vijiko sita katika ziwa zima, nani atajua?

Juzi Jumanne akanipigia, sauti kama ya mtu aliyefiwa. Anasema kwenye bomba la pili, ndani ya ule mkanda wa ukame, amekuta chavua ya mwarobaini. Nikamwuliza kuna ubaya gani, miarobaini si iko kila mahali? Akasema ndo ubaya wenyewe. Mti huo uliletwa nchi hii juzijuzi tu. Zama zile haukuwepo. Mwalimu wake anasema hapo kuna uchafu umeingia, na kama umeingia pale basi huenda umeingia kote, kwa hiyo mabomba yote matatu hayaaminiki tena. Wamemsimamisha asiendelee kuyapima. Wenzake wananong'ona kwamba alizembea.

"Sijui nilikosea wapi, Mama," akasema. "Narudia kila hatua, sipaoni."

Nami nikamwambia, "Pole mwanangu, Mungu atafungua njia."

Nilisema hivyo. Mama yake. Nikiwa nimeketi chini ya mwarobaini uleule.

Jana sikuongea na mtu. Nilipika wali ukaungua, nikaula hivyohivyo. Nilikuwa namwona Sauda mbele ya watu wazima wenye miwani, anaulizwa ulizembea wapi, na yeye, mtoto mwaminifu, anatafuta kosa ndani yake mwenyewe. Kosa alilofanya ni moja tu, kuniamini mimi.

Leo asubuhi nikampigia kabla sijanywa chai. Akaanza, "Shikamoo Mama." Sikuitikia marahaba, nilijiona sistahili. Nikayatoa yote kwa pumzi moja, singo, Bi Sharifa, vijiko, chekeche, majivu.

Nilisikia kiti kikivutwa upande wake.

Nilitarajia alie au anigombeze. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya kazi, sauti nisiyoijua. "Vijiko sita. Vya kujaa au vya kusawazisha?" Nikamjibu. "Ulichota kutoka kwenye kizibo kwenda ndani, au katikati?" Nikamjibu. "Kijiko kilifika wapi?" Nikapima kwenye kidole changu, nikamwambia mpaka kifundo cha pili. Nilimsikia akiandika.

Kisha akasema kwamba sehemu hiyo itakatwa na kutupwa, na zilizobaki zinaweza kupona kama mwalimu atakubali maelezo. Ukame wenyewe umebaki upana wa kidole kimoja, juu ya bomba la tatu, lile linaloendelea pale la pili linapoishia. Hautoshi kujua ulidumu miaka mingapi. Unatosha kujua kwamba ulikuwepo. Akaniagiza nimwandikie mwalimu wake barua kwa mkono wangu, nisifiche kitu. Nimeshaiandika, kurasa mbili, na nimetaja mpaka lile chekeche.

Mwisho ndipo akawa mwanangu tena. Sauti ikapasuka. "Mama, kwa nini hukuwaambia tu ninachofanya? Nilikueleza. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuelewa bila mimi kuchora ubaoni."

Nilimwomba msamaha.

Jibu ninalo, lakini ni baya. Nilitaka mtoto wa kujivunia, na nilikuwa naye, na nikaona hafai mpaka nimpambe. Nimekuwa nikipamba maharusi miaka yote, nikadhani na binti yangu anahitaji kupakwa kitu ili watu wamtazame.

Picha ya matope nimeitoa kwenye mkoba nilimoificha. Nimeitundika kando ya ile ya joho. Meno yake ni yaleyale.

Sauda atakuja Tanga kuchukua udongo wa uani kwangu, anataka kuulinganisha na uchafu niliotia, athibitishe mbele ya mwalimu. Nimemwomba kitu kimoja, akasita, akakubali. Nitaita wanawake. Mama Twaha, Mwanaisha na mashoga zake, wote waliokuwa wanachambua asumini siku ile, na Bi Sharifa nitamfuata mwenyewe mlangoni kwake kumwalika. Nitasimama mimi kwanza, niwaambie nilichowapaka na nimekitoa wapi, na kwamba mwanangu hatibu presha ya mtu. Wakicheka wacheke. Nikishaketi, Sauda awaeleze ziwa linavyotunza miaka, kwa maneno aliyoniambia mimi, na ukame ule una habari gani kwa visima vyetu, na kwa nini imempasa kushika matope.

Nimeandika hapa kabla sijawaalika ili nisipate pa kurudi nyuma. Mama Twaha najua unasoma kwa simu ya mwanao. Ndiyo, ulichosoma ni kweli, usinipigie, njoo. Na wengine mlio karibu, wa Chumbageni, wa Mabawa, hata wa Mwera mkipata usafiri, kahawa itakuwepo na vitumbua vitakuwepo.

Ni Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya Alasiri, nyumbani kwangu.