Jando Bila Chumvi

Mjukuu wangu Saidi,

Natumaini u mzima huko Dar. Bibi yako, yaani dada yangu, hajambo, na ufuta wa Mandawa tumeshavuna. Kwa umri ningekuwa kaka yako, lakini ukoo umenipa ubabu, basi nisikilize.

Umeuliza kwa nini mimi, karani mwoga, nakukataza kuingia jando na wenzako. Nitakujibu kwa habari ya mdogo wangu Hamisi.

Hamisi alilamba chumvi kama wengine wanavyolamba sukari. Tulipoingia jando pamoja, tulipikiwa chakula kisicho na chumvi, kama mila inavyotaka. Baada ya kutahiriwa akaanza kutapika, akalegea.

"Babu, nipe chumvi, hata punje," alimwomba mlezi wetu.

Mzee akacheka. "Mwanamume gani analilia chumvi? Vumilia!"

Hamisi hakurudi nyumbani.

Daktari alipotueleza ugonjwa wako, kwamba tezi zilizo juu ya figo hazitoi homoni za kutosha, kwamba mwili wako unapoteza chumvi, na kwamba ukipata homa au jeraha dozi lazima iongezwe, nilitoka nje nikalia. Ilikuwa kama anaeleza habari za Hamisi.

Utatahiriwa hospitali, daktari wako akijua. Watakaosema hujawa mwanamume, waache waseme.

Mlezi yule bado yupo. Juzi aliniuliza utakuja lini. Nikamjibu kwamba huji. Sikuwahi kumkatalia mzee.

Meza dawa zako.

Babu yako,
Bakari