Kiti cha Baba Ufukweni

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka Kilifi, ambako sweta niliyotoka nayo kwenye baridi ya kwetu Tetu sasa ni mto wa kulalia. Nimetangulia kutafuta mahali pa kupiga hema, ili familia yote ipumzike wikendi moja. Najua ulisema twende bila wewe, kwa sababu mguu wako uliopooza hauwezi mchanga.

Basi leo asubuhi nimekataa kambi mbili zenye ngazi. Ya tatu iko karibu na maji, na mchanga wake ni mgumu. Nilimwomba Mama Kadzo, mwenye kambi, aniazime fimbo, nikashuka nikiburuta mguu mmoja kama wewe. Watu walinitazama, nikaona haya, lakini nilifika.

"Una nini mguuni?" Mama Kadzo akaniuliza.

"Mimi sina kitu. Ni baba yangu. Anaogopa atatuchelewesha."

Hakucheka. Alitoa kiti cha plastiki jikoni kwake, akakiweka pale mawimbi yanapoishia, akaniambia nikae. Maji yalinifika vifundoni, yana joto kama ya kuoga.

"Mwambie aje pole pole," akasema. "Kwani bahari yaenda wapi?"

Nimemwambia tutakuja watu sita, na wewe umo. Kariuki wa jirani amekubali kukamua ng'ombe, kwa hivyo usinipe kisingizio hicho. Kila siku tembea kidogo hadi kwa lango, ukirudi unywe chai. Mungu akutunze, Baba. Bila wewe hatuendi.

Binti yako,
Wambui