Omo ya Kisu, Omo ya Sofa

Jumapili, 2 Machi

Leo nimekula kwa dada mpaka mkanda ukaomba msamaha. Na habari kubwa — mpwa wangu amepata kibali! Atafundisha watu mchezo wake pale bwawani, ule wa kusimama juu ya ubao, umeshika kamba, boti inakuvuta, unaruka wimbi kama panzi. Kilichobaki ni boti. Muuzaji anazo mbili. Mashine ile ile, urefu ule ule, tofauti iko mbele tu. Moja imechongoka, nyingine imepanuka.

Nikawaambia hapo mbele panaitwa omo. Wakatazamana. Neno lenyewe hawalijui! Nikaongeza: boti ni omo, mengine mapambo.

Shemeji, mume wa dada, akachukua kijiti cha meno. Akasema yeye angetafuta mtu anayejua boti, siyo anayejua hadithi za boti. Eti bahari yangu yote iko kinywani, ndiyo maana mate hayaniishi. Watu wakacheka. Nikacheka nao, ningefanyaje.

Mpwa hakucheka. Akamwambia baba yake kwamba maji ameyapenda kwa sababu ya mjomba, tangu akiwa hivi — akapima kwa mkono chini ya meza. Atakalosema mjomba ndilo. Mbele ya watu wote!

Tena atakuwa hajakosea. Mimi nimekula miaka kwenye kivuko. Kufunga kamba, kufungua kamba, kupanga malori, kufokea abiria. Na ile siku nahodha alipozimia nani alishika usukani? Mawimbi ghorofa tatu. (Mezani nilisema nne. Chakula kilikuwa kitamu.) Mtu kama mimi ashindwe na boti ya kuchezea?

Jumatatu, 3 Machi

Bandani kwa muuzaji. Kunanuka faiba na rangi mbichi. Muuzaji mwenyewe kijana wa miwani, maneno yanateleza kama siagi juani. Nimempa jina, Siagi.

Boti ya kwanza ni omo ya kisu. Imechongoka, mwishoni inapanda juu kama kidevu cha mtu mwenye maringo. Siagi anasema inapasua maji na kuyatupa pembeni, watu hawalowi. Sawa. Lakini kukaa huko mbele! Watu wawili tu, na magoti yanasalimiana.

Ya pili ni omo ya sofa. Mbele pana, pembe mbili, kama imekatwa kwa msumeno. Viti vimezunguka, watu sita wanakaa na bado miguu unanyoosha. Ukingo uko chini, unaweza kuchezea maji kwa vidole. Nikagonga ubavu kama anayechagua tikiti, nikatega sikio. Siagi akasema, naona mzee kazi unaijua. Nikamwambia, kijana, bado hujaona kitu.

Kisha nikakaa. Jamani! Kiti kilinipokea kama mkwe aliyekuja na mali.

Mpwa alikuwa upande wa kisu, anaipapasa ile ncha. Akasema jioni bwawani kuna upepo, maji yanavurugika, yeye anaona kisu kitafaa zaidi. "Lakini wewe unaonaje, mjomba?"

Ningesema nini, na Siagi anasikiliza? Nikamwambia: kivuko chetu kilikuwa na omo pana, bapa kabisa. Kimebeba malori, kimebeba ng'ombe, kimebeba harusi nzima na ngoma zake. Na hata siku moja sikuona maji yakiingia kwa mbele. Hata siku moja! Na hilo ni kweli tupu, naapa popote.

Akafikiri. Akasema, kama ni hivyo, basi.

Siagi alitabasamu mpaka miwani ikapanda.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio! Asubuhi, bwawa limelala kama maji ya beseni. Dereva wa Siagi kwenye usukani. Siagi na simu yake, anapiga video. Mpwa majini, nyuma. Mimi mbele peke yangu, mikono nimeitandaza kwenye viti vya pande zote mbili. Jaketi la kuokolea limegoma kufunga tumboni, nikaliacha wazi kama koti la bwana harusi.

Kwanza wakajaza maji kwenye matangi ya chini ya viti. Boti hizi hutakiwa ziwe nzito, zizame kidogo, ndipo nyuma lisimame wimbi la kurukia. Nikawaambia uzito huo sisi mabaharia tunauita farumi, zamani yalikuwa mawe. Siagi hakuwahi kulisikia. Nilijua!

Tukaondoka. Mpwa akachomoka majini — yule mtoto! Akakata kushoto, akakata kulia, akapanda wimbi, akaruka juu, akajizungusha huko huko hewani kama anatafuta kitu alichosahau, akatua. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Damu yangu ile!

Na ya kisu tukaizungusha. Mara moja tu. Magoti yakalalamika, nami nikalalamika kwa niaba yake. Mpwa akacheka, akasema, basi mjomba, umeshinda, tunachukua sofa. Nikampigia dada simu hapo hapo. Nikamwambia siku ya kwanza akae mbele, kule ndiko kwa malkia.

Kuna kitu kidogo. Wala siyo kitu. Mpwa alipoanguka, dereva alipunguza moto akageuza kumfuata. Tukakutana uso kwa uso na wimbi letu wenyewe. Omo ikainama kama mtu anayetafuta sarafu. Wimbi likachungulia juu ya ukingo. Likaingia. Kama ndoo moja hivi. Viatu chapachapa. Dereva alikuwa anamtazama mpwa, Siagi anatazama simu. Walipoona nakamua soksi nikasema ni jasho la raha.

Ndoo moja. Bwawa limelala. Mtu mmoja mbele.

Wala siyo kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Lango!

Nilikuwa nanyoa. Likanijia tu. Mbele ya kivuko kulikuwa na lango la chuma, lile la kupitishia magari. Tukiondoka gatini tunaliinua, linasimama wima, refu kuliko watu wawili waliobebana, linafungwa kwa minyororo. Nani alikuwa anafunga? Mimi! Kila safari, mimi! Sasa maji yakiingia kwa mbele ningeyaona wapi, nimesimama nyuma ya ukuta?

Nimejikata kidevu. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa dada kusema. Njia nzima nikiyapanga maneno: mpwa wangu, ile omo nimeifikiria upya, tuchukue kisu. Basi. Hata kasuku angeyaweza.

Mpwa alikuwa sakafuni sebuleni, anaandika namba kwenye majaketi ya wanafunzi. Kesho saa kumi jioni boti inaletwa bwawani. Wataizungusha imejaa watu, wakirudi anasaini mkataba. Saa kumi — saa ya upepo! Wanafunzi watano watakaa mbele wote, kila mmoja na zamu yake ya kuvutwa. Na dada pamoja nao. Dada yangu, ambaye hata mvua ikijaza karai anapita mbali! Anasema mdogo wangu kasema mbele ndiko kwa malkia, basi mimi na mbele, mbele na mimi.

Nikafungua mdomo. Ndipo shemeji akatoka chumbani.

Shemeji ana kiti chake pale sebuleni. Hakikaliwi. Hata paka anajua. Akanishika mkono, akanikalisha. Yeye akavuta kigoda. Akasema video ameiona. Akasema, "Shemeji, mimi siku zote nilikuona mpiga domo. Nilikosa. Kumbe mwanangu ana mtu." Tangu amwoe dada hajawahi kuniambia neno lisilo na miiba. Nilitazama kama kuna miiba. Haikuwepo.

Basi nikasema nini? Nikasimulia nahodha alivyozimia! Mawimbi yakafika ghorofa tano. Shemeji akatikisa kichwa tu, akasema kazi ya maji si mchezo. Hakupinga hata ghorofa moja. Mola wangu, natamani angepinga.

Mpwa akanisindikiza mpaka getini. Akaniuliza, mjomba, una nini leo? Nikamwambia, upepo ukiwepo, wengine wakae nyuma. Akashangaa. "Lakini si ndiyo tumechukua hii kwa ajili ya mbele?"

Nikasema ndiyo. Nikacheka. Kicheko gani kile, kama mlango unaodai mafuta.

Jumamosi, 8 Machi

Bwawani. Chumba cha kubadilishia nguo. Nimejifungia, nimewaambia navaa.

Upepo. Bati linapiga makofi. Kuna tundu ukutani, naona nje. Maji yamesimama nywele. Sofa imefungwa gatini, inagongagonga matairi. Siagi ameileta na ile ya kisu, iko kwenye trela pale juu. Anasema kawaida ya biashara, mteja huwa na haki ya kubadili mawazo. Hiyo hapo! Hatua chache tu! Ni kusema!

Nimejaribu, wala sikukaa kimya. Nimemwambia dada, njoo ukae nyuma karibu na dereva, kuna kivuli. Akasema, wee mdogo wangu, kiti umenisifia mwenyewe, leo unakionea wivu? Wanafunzi wakacheka. Nikamwambia Siagi apunguze farumi. Akasema, mzee, tukipunguza hakuna wimbi, na wewe ndiye bingwa hapa, unataka kunipima? Akanikonyeza. Nikakonyeza pia! Jicho langu hili lina wazimu.

Ni neno moja. Nilikosea. Baada ya hapo shemeji atarudi kwenye kiti chake, na mimi kwenye kile cha plastiki cha mlangoni. Hilo nalimeza. Nimeshameza makubwa zaidi. Tatizo ni mpwa. Atasema sawa mjomba, kwa heshima, hatanifokea. Ila akishakaa peke yake ataanza kuyapima na mengine yote, moja moja. Nahodha. Usukani. Ghorofa. Mtu aliyeingia majini kwa hadithi zangu, siku hiyo ataniita mjomba kwa sauti ya namna nyingine. Hakuna atakayesikia tofauti ila mimi.

Na nisiposema? Mtu mmoja, maji yamelala, ndoo moja. Leo ni dada na wale watano na mimi wa saba, na maji yameamka. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Darasa la tano nililoishia linaitosha.

Labda upepo utatulia. Mara nyingine hutulia.

Hautulii.

Shemeji anapiga kelele huko nje, anauliza nahodha anavaa au anashona? Anacheka, lakini kicheko cha kujivunia mtu. Dereva anasema matangi yamejaa. Nimechungulia tena. Dada kaingia. Kakaa pembeni kabisa, mbele kabisa, jaketi limemziba mpaka masikio, mkono mmoja ameukamata ukingo na mwingine anawapungia watu wa gatini. Anaogopa yule. Namjua. Amepanda kwa sababu nimesema mimi.

Mpwa ananiita. "Mjomba! Tunakusubiri wewe tu! Nafasi yako ni hii, mbele!"

Injini imewaka. Mkono wa kushoto umeshika komeo. Wa kulia bado unaandika —