Jibu Nililomletea Wifi

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 3 Novemba 2024

Dada yangu Saliha,

Assalamu alaykum. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Uvira, wewe na shemeji na watoto, na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Kaka yetu Moubarak naye hajambo, gereji ina kazi, anakula vizuri na kulala analala. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu umenifungia simu tangu mwezi wa tisa. Namegabe, yule mama wa vitenge anayevuka mpaka kila wiki, amekubali kukuletea. Nimemwambia asiondoke mpaka uifungue mbele yake, maana nakujua, ungeitia motoni.

Nasikia unasema mimi ndiye niliyemtoa Yasmina katika nyumba ya kaka. Haya, kaa chini nikueleze, maana unasema tu na hukuwepo. Na usilie katikati, machozi yako yananichosha hata nikiwa mbali.

Unajua miaka saba wifi yetu alikaa bila mtoto. Mwezi wa pili kliniki wakampiga picha ya tumbo, wakaona uvimbe kwenye kizazi. Wakamwambia utatolewa na daktari bingwa anayekuja hapa mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, ila kwa unene ule hawawezi kumpa dawa ya usingizi. Alikuwa na kilo mia na nane. Ashuke mpaka tisini ndipo aingie kwenye orodha. Moubarak akasema mbele yangu, bila hata kupandisha sauti, kwamba mwezi wa nane ukipita bila upasuaji atampa talaka arudi kwao Kinama, amechoka kuulizwa habari za mtoto kila akitoka msikitini. Yasmina akainama, akasema inshallah.

Mimi nilicheka moyoni. Mtu anayekunywa soda nne kwa siku, ya kwanza kabla hajanawa uso! Viti vya plastiki vya nyumba hii amevunja viwili, na cha pili alikuwa amekikalia nusu tu. Nikajiambia, huyu atapungua labda wamkate mguu.

Lakini akapungua, dada. Aliacha zile soda za sukari akaanza kununua ile isiyo na sukari, tunayoiita ziro, kwenye duka la Tajudini pale kona. Mbili tu kwa siku. Moja mchana, na ugali kidogo na mboga ya lengalenga, nyingine jioni watu wakishika chai na maandazi. Alisema inamdanganya ulimi, ulimi unatulia. Mwisho wa mwezi wa tano mizani ya kliniki ikasoma tisini na saba. Magauni yakaanza kumning'inia, akawa anatembea uani anaimba, na mimi usingizi ukaanza kunipotea.

Siku moja akaingia chumbani kwangu, hiki chenye dirisha la uani ninamolala tangu nilipoachwa kule Ruziba. Akanyoosha mikono kupima ukuta, akasema kitanda cha mtoto kitakaa hapa, na mimi nitahamia sebuleni, nitazoea. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemtukana tukaishia hapo. Alisema huku anacheka, kana kwamba na mimi nitafurahi. Nikamjibu maashallah.

Ndipo majirani wakaingilia kati. Mmoja anasema ziro inanenepesha kuliko sukari yenyewe, mwingine anasema inaleta kansa, ameona kwenye simu. Yasmina akaogopa. Ungedhani angemuuliza Dokta Pontien, yule wa kliniki anayempima, lakini alikuwa amemdanganya dokta kwamba anakunywa maji matupu. Akaona haya. Akanishika mikono miwili akaniomba niende mimi, niulize kama vile swali ni langu, nimletee jibu.

Nikaenda. Nikarudi na jibu. Nikamwambia dokta amesema ile soda ni sumu kwa mwanamke anayetafuta mtoto, inafunga kizazi polepole, na inayeyusha nyama tu, mafuta yanabaki. Afadhali sukari ya kweli, mwili unaijua. Aliangalia kopo lake lililokuwa dirishani, akatoka nalo akalimwaga palepale kwenye mfereji wa uani. Kesho yake nikaanza kumpikia chai mimi mwenyewe, vijiko vinne, asubuhi na jioni, na uji wa maziwa katikati. Njaa ikamrudia yote. Akiuliza kama si nyingi, namwambia anywe, anajenga damu ya upasuaji. Moubarak alinisifu, akasema kumbe mnapendana.

Mwezi wa nane mizani ikasoma mia na sita. Dokta Pontien akamuuliza amefanya nini, akalia tu. Daktari bingwa alikaa siku kumi akaondoka. Moubarak alitimiza neno lake Ijumaa iliyofuata, na nguo za Yasmina nilizifunga mimi. Baada ya hapo ukanifungia simu.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata Moubarak hakijui. Dokta Pontien hakusema hivyo.

Alinipokea vizuri, akaniketisha. Alisema ziro si sumu, na habari za kufunga kizazi hakuzitaja kabisa. Kwa mtu aliyezoea soda nne za sukari, kubadilisha ni msaada mkubwa. Maji ni bora zaidi, alisema, na wengine ule utamu unawaamshia hamu ya kula, basi wachunge sahani. Hasara ni ya yule anayekunywa ziro halafu anajilipa chapati tatu kwa kuwa ameacha sukari. Asiyefanya hivyo aendelee. Kisha akaniangalia nilivyo mwembamba, akatabasamu, akasema nimsalimie huyo aliyenituma, nimwambie anafanya vizuri, zimebaki kilo saba tu.

Njiani nilikuwa bado sijaamua, wallahi. Nilifika nyumbani nikamkuta Yasmina chumbani kwangu, amepanda juu ya kitanda changu, anapima dirisha kwa kamba ashone pazia la mtoto. Akageuka kuniuliza dokta amesemaje. Mdomo wangu ulijibu, nami sikuuzuia.

Na hilo silo ninalokuandikia, maana nusu yake ulishaikisia. Wiki iliyopita Yasmina alikuja kuchukua cherehani yake. Amekonda, dada. Bila ziro, bila chai, kwa kulia tu. Ukimwona kwa macho unajua tisini ameshaivuka kushuka. Tukakaa uani, akaniuliza taratibu:

"Wifi, niambie ukweli wa Mungu. Ile ziro niliyokunywa, ndiyo iliniharibia kizazi? Ao nikingoja mwaka kesho, yule daktari atanipasua na mimi nizae kwa mume mwingine?"

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu, chumba kilikuwa changu, hakuna alichoweza kuninyang'anya tena. Nikamwambia:

"Apana, Yasmina. Imeshakuharibu. Usijichoshe."

Akanishukuru. Alisema ni mimi peke yangu ambaye sikumficha kitu, na kwamba kule Kinama anawaonya wasichana wote waiache ile soda. Nikamsaidia kujitwisha cherehani.

Kwa nini nilimjibu hivyo sijui, na nimechoka kujiuliza. Mimi sitamwambia. Wewe ukitaka mwambie, namba yake haijabadilika, na mwezi wa nane uko mbali bado. Ila nakujulisha mapema usije ukashangaa: hatakuamini. Atakachofanya ni kunipigia mimi, aniulize kama ni kweli.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na Namegabe mpe chai kabla hajarudi. Moubarak anakusalimu sana. Mungu akutunze.

Mdogo wako wa damu,
Mwantum