Nyatiti Iliponingojea

Kisumu Ndogo, Kibera
Agosti 1994

Adhis mke wangu,

Paa bado linavuja upande wa kitanda, na dagaa omena wanaouzwa hapa ni mchanga mtupu. Tutafika nyumbani na mwili wa mwanetu Billy Ijumaa. Mwambie shemeji yako asichimbe kaburi pale panapotuama maji.

Jana vijana walileta mpiga nyatiti na nyuzi zake nane kwenye mchango wa mazishi, nikakumbuka Burma. Kule vitani askari mwenzetu Opondo alitupigia nyatiti kwenye matope, na kila mtu alilipia wimbo usimame ili ajitaje na kujisifu. Shilingi hatukuwa nazo, tulimtuza sigara. Mimi nilipaza sauti, "Mimi ni Nicanor, mume wa Adhis!" Na hata ng'ombe wa mahari sikuwa nimepeleka kwenu! Walicheka wale wanaume. Wengi wao walibaki kule.

Tangu Billy azaliwe, unajua mwenyewe, kila penye nyatiti nilijiita Baba Billy tu. Hata ukanung'unika kwamba nimekusahau.

Basi jana nikamtuza yule mpigaji, wimbo ukasimama. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani?" Nikafungua mdomo, lakini jina la Baba Billy likakataa kutoka. Akaningoja, vidole juu ya nyuzi.

Nikasema, "Mimi ni Nicanor, mume wa Adhis."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Wako,
Nicanor