Gari la Masanja Limenyamaza

Jumamosi, baada ya chakula

Hatimaye nimebadilisha mauntingi za injini ya gari la marehemu mume wangu, Masanja. Fundi wa Igoma alinionyesha injini ikiruka kila nilipoweka gia huku nimekanyaga breki.

"Mama, mipira inayoshika injini imekatika."

Akafunga mipya, na ule mtetemo na kugongagonga vikaisha. Nikarudi nimefarijika kidogo.

Mama mkwe, ambaye haoni tena, alikuwa barazani.

"Umeletwa na gari la nani?"

"La Masanja, Mama. Limetengenezwa."

Akasema, "Kabla halijatengenezwa nilikuwa nikilisikia likigonga tangu kwenye kona. Kwa kitambo kidogo, nilikuwa nadhani mwanangu anarudi."

Nilimshika mkono. Hadi sasa nawaza kama fundi ameshaitupa ile mipira mibovu.