Mama Furaha, Tumenunua Tena Hisa za Benki

Mama Furaha, mke wangu,

Leo sijashuka bandarini Kalundu. Nimebaki nyumbani Songo asubuhi hii kwa sababu nina habari, na ni nzuri, nimekaa nayo wiki kadhaa, nikishindwa kukwambia kila Jumapili nikija kupalilia kaburi lako. Kule nikifika, nang'oa majani tu mpaka saa ya kurudi. Kwa kalamu naweza.

Tumenunua tena hisa. Bila weye.

Unakumbuka siku ile ulirudi kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, samaki zako za ndagala zimeisha kuuzwa zote, ukaniambia faida ya safari umeiweka kwenye aksio za benki? Nilikuwa nafungua moteri ya boti, mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikakuuliza, "Iko wapi?" Ukasema, "Haionekani. Ni sehemu ya benki, na iko yetu." Nikajua wamekuibia. Ukanieleza polepole, kama Mama Asha, mteja wako wa kule, alivyokueleza: wao wanaiita hisa, benki ikipata faida, na weye unapewa fungu lako, jina lake gawio. Miaka ikipita, hisa yenyewe inaweza kupanda bei. Inaweza pia kushuka. Hilo la kushuka ulilisema bila kuficha, na ndilo lilinifanya nikuamini.

Toka hapo ukawa mchezo wetu. Kila ulipotaka kuongeza, tulibishana mpaka majirani wakasikia. Minye nilipenda ile benki yenye ghorofa refu la vioo. Weye uliuliza mengine: walilipa gawio hata mwaka mbaya? Wale wanaokopeshwa, wanarudisha? Na hukukubali tuweke vyote mahali pamoja. Ulitafuta na kampuni ya bima, ili moja ikiyumba nyingine itushike. Nikirudi kwenye ghorofa langu ulinikata: "Baba Furaha, vioo tutakula?" Binti yetu Furaha alicheka mpaka anaweka sahani chini.

Kisha ukaugua, ukaondoka kabla sijajifunza kubishana vizuri.

Kilio kilipoisha, kaka yako Bahati alishuka kutoka Rurambo. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako. Akasema hisa ziuzwe, inunuliwe ng'ombe, ikae kwenye kundi lake huko juu kwa jina lako. "Minye sielewe kitu haikamuliwe, haizae, haina hata rangi," alisema. "Dada yangu atakumbukwa na nini?"

Sikukasirika, maana alikuwa analia. Lakini nilikumbuka ulivyoniomba pale hospitali: tusiuze kwa haraka, tusiuze kwa huzuni. Nikamwambia, "Shemeji, twende Kigoma uone. Gawio limekusanyika, tunatakiwa kuamua tununue nini. Ukiona ni upuuzi, nitauza zote nikuletee hiyo ng'ombe." Furaha alinitazama kama nimepagawa. Hata minye nilijishangaa.

Basi tukaenda, sisi watatu. Ungemwona kaka yako ziwani. Muntu wa milima, hajawahi kupanda boti. Tulipopita Makobola, mawimbi yakaanza kidogo tu, akashika mbao kwa mikono miwili akaniuliza kama moteri hii nimeitengeneza minye. Nikasema ndiyo. Akaanza kusali.

Mama Asha alikulilia kwanza, ndipo akatulisha. Kesho yake alitupeleka kwa wakala wa hisa, binti mmoja mpole, Rehema. Yeye anasema Kiswahili chao, sisi chetu, na Furaha katikati anatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Rehema akatuwekea mbele kampuni za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa benki yangu ya vioo. Bei yake ilikuwa imepanda ghafla, na watu walikuwa wanaikimbilia. Nikasema, hiyo hiyo.

Bahati akaegemea fimbo yake. "Hii ilianza lini kunenepa hivi?"

Rehema akasema ni mwaka huu tu.

"Na wameilisha nini?"

Niliona aibu kwa ajili yake. Lakini Rehema akasema hilo ndilo alitaka kutuonyesha, akafungua taarifa ya mwaka, akaweka kidole. Sehemu kubwa ya faida iliyopandisha bei ile ilitoka kwenye kuuza kiwanja, haikutoka kwenye mikopo. Mwakani hawana kiwanja kingine cha kuuza. Bahati akanigeukia. "Shemeji, hii ni ng'ombe ya kulambishwa chumvi na kunyweshwa maji siku ya soko. Leo tumbo iko kubwa. Kesho imekojoa yote."

Rehema alicheka mpaka akainamia meza.

Benki ya pili haina sifa mjini. Inakopesha wavuvi na wakulima, na imekuwa ikilipa gawio dogo dogo kila mwaka, hata ule wa mvua mbaya. Tukapiga kura. Furaha na Bahati upande ule, minye na vioo vyangu upande huu. Nikashindwa. Nikashindwa vilevile kama nilivyokuwa nashindwa nyumbani, na hapo, kwenye ofisi ya watu, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakashuka. Mama Furaha, ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Bahati naye akacheka, hajui kwa nini. Rehema akatuletea maji.

Ya ng'ombe hayakusemwa tena. Aliporudi Rurambo, kaka yako aliuza ndama dume, akanunua hisa zake mwenyewe. Siku hizi anapanda kilima mahali rezo ya simu inapatikana, ananipigia: "Iko namna gani?" Juzi nikamwambia imeshuka kidogo. "Ni kiangazi," akasema. "Acha ikae." Nimeiacha ikae, na ninalala vizuri.

Kuna jambo moja sikulisema pale ofisini. Rehema alituuliza tunawekeza kwa ajili ya nini. Nikajibu, "Ya mbele." Ukweli wake tuliujua sisi wawili: tuwe wazee wasiomsumbua Furaha, tunaokunywa chai saa nne kama watu wasio na kazi, tunabishana. Mpango huo uliniogopesha tangu uondoke, kwa sababu uzee ule tulianza kuununua wa watu wawili, na nimebaki mumoja.

Siuogopi tena, maana nimepata wa kubishana nao. Pumzika, mke wangu. Sitauza kwa haraka, sitauza kwa huzuni, na nitazeeka. Nakuahidi nitazeeka vizuri, fungu langu na fungu lako.

Wako,
Baba Furaha